KUFUA: NYUNDO, SABUNI NA STIMA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, kitendawili! Mhunzi wa Mbeere wa zamani aliyetoa mikuki na visu, mama aliyeinama kando ya Mto Rupingazi na beseni la shuka, kijana wa Lamu anayeondoa makumbi ya nazi, na mitambo mikubwa iliyo katika bwawa la Kiambere, hawa wote wanafanya kazi moja. Kazi gani? Umeshindwa? Basi nipe mji. Haya, nimepewa Meru yote na Embu kama nyongeza, na jibu ni hili: wote wanafua.

Katika makala haya nimekusudia kueleza historia ya kitenzi hiki kimoja, kufua. Nitaonyesha kilikotoka, kilivyobadilika maana, na jinsi Waingereza walivyo na neno lao la uhunzi ambalo lilifuata njia nyingine kabisa. Pia nitaonyesha kwamba sisi wanafunzi wa huku mlimani tuna ufunguo wa neno hili nyumbani kwetu, ila wengi wetu tumeuficha chini ya kitanda kwa sababu tuliambiwa ufunguo huo unaharibu Kiswahili.

KITENZI KIMOJA CHA KULA VYOTE

Kwanza hebu tuseme ukweli. Wanafunzi wengi wa bara tuna kitenzi kimoja tunachokipenda kupita kiasi, nacho ni kutengeneza. Tunatengeneza nyumba, tunatengeneza chai, tunatengeneza kamati, tunatengeneza nywele, tunatengeneza chungu, na gari likiharibika tunalitengeneza pia. Mwalimu akisahihisha insha kama hizo, kalamu nyekundu huisha wino kabla hajafika jina la kumi.

Si kwamba kutengeneza ni kosa. La hasha! Lakini Kiswahili ni lugha ya mafundi, na kila fundi ana kitenzi chake. Nyumba hujengwa, chakula hupikwa, chungu hufinyangwa, kinyago huchongwa, mkeka husukwa, jahazi huundwa, shairi hutungwa. Na chuma, je? Chuma hufuliwa. Dhahabu na fedha pia hufuliwa. Ndiyo maana kuna mfua chuma, mfua dhahabu na mfua fedha.

Ukimwambia mwanafunzi wa siku hizi kwamba chuma hufuliwa, atacheka. Atauliza, "Kwani kinafuliwa na sabuni gani?" Kucheka huko ndiko kulikonifanya niandike makala haya.

MAANA ZILIZOMO NDANI YA KUFUA

Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotayarishwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 inaeleza kwamba kiini cha kufua ni kupiga. Si kupiga kwa hasira, bali kupiga kwa kazi, pigo baada ya pigo, mpaka kitu kiwe vile unavyotaka. Kutokana na kiini hicho zikatoka kazi mbalimbali.

Kazi ya kwanza ni ya mhunzi. Chuma hutiwa motoni, mivukuto ikapuliza makaa mpaka chuma kikawa chekundu, kikashikwa kwa koleo, kikawekwa juu ya fuawe, kikapigwa kwa nyundo. Lile pande gumu ambalo chuma hupigiwa juu yake linaitwa fuawe, na ukiliangalia vizuri neno hilo utaona limezaliwa na kufua.

Kazi ya pili ni ya nguo. Zamani hapakuwa na brashi wala mashine. Nguo ililoweshwa, ikapigwapigwa juu ya jiwe au ubao mpaka uchafu ukatoka. Kwa hivyo aliyesafisha nguo naye alikuwa akipiga, na kitenzi chake kikawa kile kile cha mhunzi. Hapo ndipo tunapokosea tukisema, "Jumamosi mimi huosha nguo." Vyombo huoshwa, mikono hunawishwa, mwili huogeshwa, lakini nguo hufuliwa. Leo kuna mashine ya kufulia ambayo haipigi kitu juu ya jiwe lolote, bali inazungusha tu. Hata hivyo jina limebaki. Kazi hubadilika, jina huendelea kuikumbuka kazi ya zamani.

Kazi ya tatu ni ya nazi, na hii sisi wa bara huisikia tu. Watu wa Pwani husimika ardhini kijiti imara chenye ncha, kiitwacho kifuo. Nazi huchomekwa kwa nguvu kwenye ncha hiyo na kuzungushwa mpaka makumbi yatoke. Huko ndiko kufua nazi. Sasa unaelewa ule msemo wa watangazaji wa mpira: "Vijana wetu hawakufua dafu mbele ya wageni." Dafu ni nazi changa, ganda lake bado bichi, limeng'ang'ania. Asiyefua dafu ni mtu aliyeshindwa na kazi. Wengi wetu tumeuandika msemo huo katika insha tangu shule ya msingi, na hatujawahi kuliona dafu likifuliwa hata siku moja!

Ziko na maana za mitaani pia. Vijana wa Tanzania wakisema fulani "amefulia" wanamaanisha ameishiwa, hana hata senti. Msomaji, ukienda Arusha usiende kumwambia mtu amefulia ukidhani unamsifu kwa usafi.

TURA NA FUA NI NDUGU WA TUMBO MOJA

Sasa tufike nyumbani. Mimi baba ni Mwembu na mama ni Mmeru, na shule yetu ni ya kutwa. Wenzetu wa bweni hutucheka kwamba tunachoka njiani, lakini sisi tuna faida moja: kila jioni tunarudi walipo wazee. Nilipomuuliza nyanya yangu mhunzi anaitwaje, hakufikiri hata kidogo. Alisema, mũturi. Na kazi yake? Gũtura. Nikawauliza wenzangu darasani siku iliyofuata, wengi wakabaki kutazamana. Mmoja akasema labda ni "mtu wa welding".

Je, gũtura na kufua yanafanana? Kwa sikio, hapana. Lakini lugha za Kibantu zina siri zake, na siri hizo zina kanuni. Fuatana nami polepole.

Chukua kitenzi kufua, ukiweke katika kauli ya kutendea. Utapata kufulia. Kauli ya kutendwa ni kufuliwa. Hiyo L imetoka wapi? Darasani tunaambiwa ni kanuni tu, tuikariri tupite mtihani. Lakini angalia maneno haya. Kiswahili kinasema zaa, kisha zalia na zaliwa. Sisi tunasema gũciara. Kiswahili kinasema kaa, kisha kalia. Kiembu kinasema gũikara. Kiswahili kinasema mvua, sisi tunasema mbura. Umeona? Pale ambapo Kiswahili kimeidondosha sauti katikati ya neno, lugha zetu zimeihifadhi kama R. Ile L inayojitokeza katika zaliwa na fuliwa si mgeni, ni mwenye nyumba aliyekuwa amejificha. Kwa hivyo fua ilikuwa na L mwishoni, na hiyo L ndiyo R ya gũtura.

Na ile F, je? Hapa inabidi uwe makini na vile vialama tunavyoweka juu ya irabu. Kwetu kuna gũtũma, yaani kutuma mtu, na kuna gũtuma, yaani kushona. Ni maneno mawili tofauti, na asiyeweka alama atamtuma mtu badala ya kumshonea. Sasa tazama Kiswahili. Gũtũma yenye ũ imebaki kutuma. Lakini gũtuma yenye u imekuwa kufuma. Ile u yenye sauti nyembamba iliigeuza T ya Kiswahili ikawa F, na ile ũ ikaiacha T ilivyo. Basi weka tura kwenye kanuni hiyo hiyo: T inakuwa F, R inaanguka, unabaki na fua. Hesabu imetimia! Ila usichanganye gũtura ya mhunzi na gũtũũra ya kuishi, hayo ni mambo mengine.

Wataalamu waliolinganisha lugha za Kibantu, kama Malcolm Guthrie ambaye kazi yake kubwa ilichapishwa kati ya miaka ya 1967 na 1971, wamekadiria kwamba mzizi wa zamani wa maneno haya ulikuwa kama -tud-, wenye maana ya kupiga chuma kwa nyundo. Kwa maneno mengine, kabla Mswahili hajawa Mswahili na Mmeru hajawa Mmeru, mababu zao walikuwa na neno moja kwa kazi moja.

Kuna ushahidi mwingine unaonifurahisha. Kiembu hakitumii gũtura kwa nguo. Kinasema kũvũũra nguo, na Gĩkũyũ husema kũhũũra nguo. Kũvũũra ni kupiga, hata mtoto mtundu huvũũrwa. Kwa hivyo lugha zetu zilitumia kitenzi kingine, lakini wazo ni lile lile: kusafisha nguo ni kuipiga. Mama wa Rupingazi na mama wa Mombasa walifikiri sawa bila kuulizana.

MHUNZI WA KWETU

Tusimsahau mwenye neno. Jomo Kenyatta katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938 ameeleza jinsi Wagĩkũyũ, majirani na ndugu zetu, walivyopata chuma. Mchanga mweusi wenye madini ulikusanywa mitoni, ukaoshwa, ukakaushwa, kisha ukayeyushwa kwa moto wa makaa uliochochewa na mivukuto ya ngozi. Kutokana na chuma hicho zilitoka silaha za vijana, visu vya kina mama, shoka za kukatia miti na hata mapambo.

Mhunzi hakuwa mtu wa kuchezewa. Jamii nzima ilimtegemea, kwa vita na kwa shamba, na wakati huo huo ilimwogopa. Laana ya mhunzi ilihesabiwa kuwa nzito kuliko laana nyingi nyingine, kwa sababu mtu anayeweza kulainisha kitu kigumu kama chuma anaweza kumfanya nini binadamu? Ufundi ulirithishwa katika familia, baba akimfundisha mwana.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, na maduka yakaanza kufunguliwa huku na huku, majembe na waya kutoka Ulaya vilikuja kwa wingi. Tanuri za kuyeyusha mchanga zikazimika moja baada ya nyingine. Lakini mhunzi hakufa. Aliacha kuyeyusha akaanza kufua chuma kilichotupwa: springi za malori, mabati ya mapipa, vyuma vya reli. Leo yuko sokoni Meru na Embu mjini, chini ya kibanda au bila kibanda, akifua karai, jiko na panga. Tunamwita mtu wa jua kali, jina ambalo liliingia hata katika waraka wa serikali wa mwaka 1992 uliohusu biashara ndogo ndogo. Ni jina zuri, maana linaeleza anapofanyia kazi. Lakini haliseme anafanya nini. Jina linalosema anafanya nini ni mũturi, na hilo ndilo tunaloliacha.

NENO LA WAINGEREZA LILIVYOTEKWA NA WALAGHAI

Waingereza nao wana neno lao la kufua chuma, nalo ni forge. Historia yake ni ndefu kama njia ya Embu kwenda Moyale.

Warumi walimwita fundi wa vitu vigumu, hasa mhunzi, faber. Karakana yake iliitwa fabrica. Baada ya ufalme wa Warumi kuanguka, watu wa Ufaransa waliendelea kulitafuna neno fabrica kwa karne nyingi, wakilifupisha kidogo kidogo, mpaka likabaki forge. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na maneno mengi ya Kifaransa yakaingia katika Kiingereza, forge likiwemo. Hapo mwanzo lilimaanisha karakana ya mhunzi, kisha kazi yenyewe ya kukipa chuma umbo.

Halafu mambo yakaanza kugeuka. Kufikia karne ya 14, neno lilikuwa limeanza kutumiwa kwa kutoa kitu cha uongo kinachofanana na cha kweli. Leo ukimwambia Mwingereza kwamba fulani ameifanyia sahihi kazi hiyo, hatafikiria nyundo. Atafikiria polisi. Katika sheria za Kenya, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 345, kosa hilo linaelezwa kuwa ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Jina la kosa hilo kwa Kiingereza limetoka moja kwa moja katika karakana ya mhunzi maskini ambaye hakumkosea mtu.

Na si hilo peke yake. Kutoka kwa faber yule yule Waingereza walipata fabricate, ambalo maana yake ni kutengeneza, na pia kutunga uongo. Walipata fabric, ambalo mwanzo lilihusu kitu kilichojengwa na sasa ni kitambaa. Ajabu iliyoje! Kwa Waingereza mhunzi aliishia kwenye nguo, na kwetu mhunzi aliishia kwenye kufua nguo. Lakini pale alipoishia kwenye uongo, sisi hatukumfuata.

Kiswahili kinapotaka kumtaja mtu wa vyeti vya uongo husema ameghushi. Neno hilo ni la asili ya Kiarabu, na tangu huko kwao lilihusu udanganyifu. Halikuwahi kushika nyundo. Kitu chenyewe huitwa bandia, kama mtoto wa bandia anayechezewa na wasichana wadogo. Kwa hivyo tuna ghushi kwa mwizi na fua kwa fundi, kila mtu na chumba chake.

Kwa nini maneno mawili ya kazi moja yalifuata njia mbili? Mimi naona sababu ni hii. Mwingereza alipomwangalia mhunzi, alivutiwa na umbo. Aliona mtu anayeweza kukifanya chuma kifanane na chochote, na kutoka kufananisha mpaka kuiga ni hatua moja tu, na kutoka kuiga mpaka kudanganya ni hatua nyingine. Mswahili alipomwangalia mhunzi huyo huyo, alivutiwa na mkono. Aliona pigo na jasho, na jasho halina uongo. Popote palipokuwa na kazi ya nguvu inayogeuza kitu kigumu kikamfaa mtu, pale akalipeleka neno lake.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Kiswahili si malaika. Wapishi wetu tumewaonea, maana tunasema mtu amepika hesabu za chama. Wasusi tumewaonea, maana tunasema maadui wamesuka njama. Mtunzi wa mashairi naye akisema jambo la kushangaza huambiwa, "Hiyo umetunga." Kila lugha ina fundi wake inayemsingizia. Bahati ya mhunzi ni kwamba kwetu alinusurika.

KUTOKA KWENYE NYUNDO HADI KWENYE STIMA

Maana mpya kabisa ya kufua imekuja wakati wa umeme. Katika taarifa za habari, hasa za Tanzania, utasikia mitambo ya kufua umeme. Wengine husema kuzalisha umeme, na Kenya hilo ndilo linalosikika zaidi. Zingatia, msomaji: zaa na fua ni vile vitenzi viwili tulivyovichunguza hapo juu, vyenye L iliyojificha. Ni kama umeme una wazazi wawili katika Kiswahili, mama anayeuzaa na mhunzi anayeufua.

Na umeme huo unafuliwa wapi? Unafuliwa mlangoni petu. Katika Mto Tana, pale Mbeere inapopakana na upande wa Ukambani, kuna mabwawa matano ya Seven Forks yaliyojengwa moja baada ya jingine. Kindaruma lilianza mwaka 1968, Kamburu likafuata mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Gitaru lina uwezo wa megawati 225, na yote matano kwa pamoja yana uwezo wa karibu megawati 600. Maji hushuka kwa kishindo ndani ya mabomba makubwa, yakasukuma mapanga ya mtambo, mtambo ukazunguka, umeme ukatoka. Maji yenyewe mengi yametoka Mlima Kenya, yamepita mashambani kwetu, labda hata yamefua shuka za mtu Rupingazi kabla hayajafua umeme.

Watu wetu huuita umeme huo stima, jina lililotokana na neno la Kiingereza la mvuke. Jina hilo lingefaa zaidi Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizungusha mitambo tangu mwaka 1981. Kwenye Tana hakuna mvuke, kuna maji tu. Tena kwa miaka mingi nyaya kubwa zilipita juu ya vijiji vya Mbeere zikielekea Nairobi, huku chini watoto wakisoma kwa koroboi. Mhunzi wa zamani angeshangaa. Yeye alipofua kisu, wa kwanza kukitumia alikuwa jirani yake.

HAYA YOTE YATUHUSU NINI?

Huenda mtu akasema, "Haya ni maneno tu, yatanisaidia nini katika mtihani?" Nina majibu mawili.

Jibu la kwanza ni la mtihani wenyewe. Ukijua kwamba L ya kufuliwa na kuzaliwa ilikuwapo tangu zamani, huhitaji kukariri. Ukijua kwamba nguo, nazi na chuma hufuliwa, na kwamba kiini ni kupiga, hutasahau msemo wa kufua dafu wala hutaosha nguo katika insha.

Jibu la pili ni zito zaidi. Katika shule nyingi za nchi hii, mwanafunzi akipatikana akisema neno la lugha ya mama amekuwa akivishwa diski shingoni au kupewa adhabu nyingine. Ngugi wa Thiong'o alieleza mambo kama hayo katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, akikumbuka shule za wakati wa ukoloni. Mkoloni alienda, diski ikabaki. Tumefundishwa kwamba Kimeru na Kiembu ni magugu yanayosonga Kiswahili. Ni kweli mtu akiandika "rakini" badala ya "lakini" ameathiriwa na lugha ya nyumbani, na anafaa kurekebishwa. Lakini umeona wewe mwenyewe: aliyetuonyesha mzizi wa kufua ni mũturi. Bila gũtura, gũciara na mbura, ile L ingebaki fumbo. Lugha ya nyanya haikukiharibu Kiswahili hapo, ilikitafsiri.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu hicho hicho kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wenyeji. Basi mambo haya hayapigani. Anayevishwa diski kwa kusema mũturi anaadhibiwa kwa kusema neno lililo ndugu wa kufua.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba neno hufa haraka kuliko kitu. Karai bado linafuliwa sokoni, nyundo bado inasikika, lakini kijana anayelifua karai hilo hajui kwamba yeye ni mũturi. Anajiona mtu aliyekosa kazi ya ofisi. Angejua kwamba ana cheo cha zamani, ambacho wazee walikiheshimu na kukiogopa, labda angeinua kichwa. Nasi tungepunguza kumwita fundi wa kubahatisha.

Kwa hivyo ninawaomba wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, na hasa sisi wa kutwa ambao kila jioni tuko nyumbani: waulizeni wazee majina ya kazi za mikono. Anayefinyanga chungu anaitwaje? Anayesuka kiondo, anayechonga mzinga, anayetengeneza ngozi? Andikeni kwa vialama vyake, u na ũ, kisha tafuteni ndugu yake katika Kiswahili. Nawapa moja la kuanzia: nyumbani chungu huumbwa, kũũmba, na katika Kiswahili tuna kuumba, kazi ya Mwenyezi Mungu. Nani atatueleza katika gazeti la mwaka ujao vipi mfinyanzi na Muumba waligawana kitenzi kimoja?

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Nami naongeza kwamba asiyekataa kwao huenda hata akapata alama nzuri. Kazi kwenu.